Foleni ya Dar na mafuta yako: taa ya ECO, injini inayojizima, haibridi au gesi?

Kabla hujauliza kifaa gani kitakupunguzia mafuta mjini, jua kwanza mafuta yako yanapotelea wapi. Barabara ya Morogoro ukishapita Chalinze, kinachokula mafuta ni upepo na mwendo kasi. Kati ya Tegeta na Posta saa moja asubuhi mambo ni mengine kabisa: kusimama, kuondoka, kusimama tena, AC ikiwa imewashwa muda wote. Kila teknolojia inayouzwa kwa jina la kubana matumizi hutibu moja au mawili tu kati ya hayo. Asiyejua tatizo lake hununua dawa ya ugonjwa wa mwingine.

Tuchukue gari dogo la injini ya lita 1.5, uzito wake kilo 1,100 pamoja na dereva, na safari ya kilomita 22 kwenda kazini.

Kwanza, kusimama. Mwongozo wa Japani wa uendeshaji wa kubana mafuta unasema gari likiwashwa bila kwenda kwa dakika 10, AC ikiwa imezimwa, huunguza takriban mililita 130 za petroli. Ikiwa safari yako ina dakika 40 za kusimama, hiyo ni zaidi ya nusu lita. Kwenda na kurudi, lita moja kwa siku. Kwa mwezi wa siku 22 za kazi, lita 22 zimeungua matairi yakiwa hayazunguki. Kila lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo gari moja limetoa kama kilo 50 kwa kusimama tu.

Pili, kuondoka. Hapa ndipo madereva wengi hawapaoni. Nishati inayohitajika kulifikisha gari kwenye mwendo fulani haipandi sawa na mwendo. Hupanda kwa mraba wake. Ukichukulia kwamba injini mjini hugeuza kama sehemu ya tano ya nishati ya petroli kuwa mwendo, kulitoa gari hilo kwenye kusimama hadi kilomita 30 kwa saa hula kama mililita 6, kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Kulifikisha kilomita 60 kwa saa hula kama 24, karibu vijiko vitano. Sasa mfikirie anayeona uwazi wa mita 150 mbele yake, anakanyaga mpaka 60, kisha anabana breki nyuma ya daladala. Ametumia mara nne ya mwenzake aliyejisogeza kwa 30, na wote wawili wamefika nyuma ya daladala lile lile. Mafuta yote aliyoongeza yameishia kuwa joto kwenye breki.

Tatu, AC. Mwongozo huo huo wa Japani unakadiria kwamba joto la nje likiwa nyuzi 25 tu, AC huongeza matumizi kwa takriban asilimia 12. Dar ya Februari haina nyuzi 25. Kilichobaki ni upepo wa matairi, ambao ukipungua sana hula asilimia 2 hivi mjini, na mizigo inayosahaulika kwenye buti: kilo 100 ni takriban asilimia 3.

Taa ya ECO na vifaa vya kumwonyesha dereva

Magari mengi tunayoagiza Japani huja na taa ndogo ya kijani iliyoandikwa ECO, na baadhi yana kitufe chenye jina hilo hilo. Watu huvichanganya, na ni vitu viwili tofauti. Taa hukwambia namna unavyokanyaga. Kitufe hubadilisha gari lenyewe: pedeli ya mafuta inaitikia polepole zaidi, na kwenye magari mengi AC nayo inapunguzwa makali. Mwenye mguu mzito hukanyaga zaidi kufidia uzito wa pedeli na faida ile inayeyuka. Kwa maoni yangu, kwenye foleni ya Dar kitufe kinasaidia zaidi kupitia AC kuliko kupitia pedeli. Taa, kwa anayeitazama kweli, ina thamani kubwa kuliko kitufe.

Bora kuliko taa ni dashibodi inayoonyesha kilomita kwa lita papo hapo. Kama gari lako halina, kuna vifaa vidogo vya OBD vinavyochomekwa chini ya usukani, vikasoma kompyuta ya gari na kutuma taarifa kwenye simu. Ila magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani wakati mwingine hayasomeki na vifaa hivi vya bei rahisi, kwa hiyo kichomeke na ukione kikisoma kabla hujalipa.

Vinaokoa kiasi gani? Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za vifaa hivi vya ndani ya gari ulipata wastani wa takriban asilimia 6 hadi 7. Mafunzo ya udereva peke yake hutoa matokeo ya kuvutia siku za mwanzo, mara nyingine zaidi ya asilimia 10, halafu mguu unarudia zamani ndani ya miezi michache kwa sababu hakuna anayeukumbusha. Hii ndiyo sababu nasema kifaa kinachoonyesha kila siku kina faida kuliko semina ya siku moja, hata kama semina ilikuwa nzuri.

Wengi hudhani kubana mafuta maana yake ni kuondoka kwa kujikokota taa ikiwaka kijani. Wajapani wanafundisha tofauti: ondoka taratibu kiasi cha kufika kilomita 20 kwa saa katika sekunde 5 za mwanzo, kisha endelea. Huo si mwendo wa maiti. Na una maana hata kwa walio nyuma yako, kwa sababu kwenye makutano yaliyojaa, gari la mbele likichelewa kuondoka magari machache zaidi hupita kabla taa haijarudi nyekundu. Wewe umeokoa kijiko kimoja, na kumi nyuma yako wanabaki wakinguruma duru nyingine nzima. Watafiti walioiga mitaa yenye msongamano mkubwa kwa kompyuta wamelikuta jambo hili: dereva mmoja anaokoa, mtaa mzima unapoteza.

Kuacha nafasi mbele ni kinyume cha hapo. Kunamsaidia kila mtu. Huko Tucson, Arizona, watafiti waliweka magari yapatayo 20 yakizunguka kwenye duara. Bila kizuizi chochote, foleni ilijizalisha yenyewe, wimbi la kusimama na kuondoka likirudi nyuma kutoka gari hadi gari. Walipoliacha gari moja tu liendeshwe na kompyuta kwa mwendo usiobadilika-badilika, wimbi lilizimika na mafuta ya magari yote yakapungua kwa hadi asilimia 40. Najua jibu la mkazi wa Dar: ukiacha nafasi, bajaji inaingia. Ndiyo, inaingia. Umepoteza mita tatu, lakini hujapoteza mafuta, na ulichokuwa unakikimbilia ni breki za gari la mbele.

Kuna mahali ambapo vifaa hivi vyote havina nafasi, nako ni kwenye daladala la kawaida. Dereva anaamka akidaiwa hesabu ya tajiri. Mafuta anayalipa yeye kutoka kwenye makusanyo ya siku, kwa hiyo ungetegemea awe bingwa wa kubana. Lakini abiria mmoja anayemwahi kituoni kabla ya mwenzake anampa fedha zaidi ya mililita 20 alizochoma kumkimbilia. Mwekee taa tatu za kijani mbele yake, atakanyaga tu. Nairobi ni vile vile, hesabu hiyo wao wanaiita target. Anayetaka kupunguza moshi wa daladala aanze na mkataba wa dereva, au ampe njia yake kama mabasi ya mwendokasi yalivyopewa kati ya Kimara na Kivukoni tangu Mei 2016. Njia ya peke yake inaondoa kusimama kwingi ambako hakuna pedeli inayoweza kukuondoa.

Injini inayojizima dhidi ya haibridi

Huu ndio ulinganisho unaomhusu anayenunua gari sasa. Haibridi ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Teknolojia zote mbili huzima injini gari likisimama, na muuzaji huweza kuziongelea kana kwamba ni ndugu. Zinatofautiana sana.

Mfumo wa kujizima, ule wa Mazda Demio na baadhi ya Vitz, huzima injini ukikanyaga breki na kuiwasha ukiachia. Kwa kawaida huokoa kati ya asilimia 3 na 10 mjini, kutegemea unasimama kwa muda gani. Tatizo letu ni AC. Kwenye magari haya kompresa huzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikizima, ubaridi unakoma, na sekunde chache baadaye gari linajiwasha lenyewe ili kurudisha ubaridi. Kwa joto na unyevu wa Pwani, mfumo huu hupata muda mfupi sana wa kufanya kazi. Nairobi, iliyoko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unaweza kushusha kioo na kuacha AC. Huko mfumo huu unastahili sifa zake. Gari lile lile, matokeo tofauti.

Halafu kuna namna ya foleni. Trafiki akiwashika upande wenu dakika nne pale makutano ya Morocco, injini iliyozimwa inaokoa kweli. Foleni ya kusogea mita tatu kila sekunde kumi inaokoa kiasi kidogo sana na inamchosha dereva, ndiyo maana wengi huuzima mfumo kwa kitufe chake. Usisahau betri: magari haya yanahitaji betri maalumu inayovumilia kuwashwa mara nyingi, kwa mfano ile iliyoandikwa Q-85 kwenye Mazda nyingi zenye injini za Skyactiv. Ukiweka ya kawaida kwa sababu ni rahisi, mfumo utaacha kufanya kazi au betri itakufa mapema, na akiba ya miezi imekwenda dukani.

Haibridi kamili, kama Toyota Aqua iliyoingia sokoni Desemba 2011, inafanya mambo matatu ambayo mfumo wa kujizima hauwezi. Inasogeza gari kwa umeme kwenye mwendo wa kutambaa, injini ikiwa imezima. Inazungusha kompresa ya AC kwa umeme, kwa hiyo ubaridi unaendelea ukiwa umesimama. Na ukikanyaga breki, sehemu ya ule mwendo uliolipiwa kwa vijiko vya petroli inarudi kwenye betri. Injini yake nayo haikai kimya milele: foleni ikiwa ndefu na AC ikiwa kali, chaji inashuka na injini inawaka kuijaza. Lakini inawaka kwa muda mfupi na kwa mzigo wenye tija, kisha inazima tena.

Usitazame namba ya Japani ya kilomita 35.4 kwa lita. Hiyo ni ya maabara. Tazama kipimo cha Marekani kilichokuwa kikali zaidi, kilicholipima Aqua kwa jina lake la huko, Prius c, na Vitz kwa jina lake la Yaris. Magari mawili ya ukubwa unaokaribiana, yote injini lita 1.5, gia otomatiki. Mjini: Prius c takriban kilomita 22.5 kwa lita, Yaris takriban 12.8. Barabara kuu: takriban 19.6 dhidi ya 14.9. Ona tofauti inavyokuwa kubwa mjini na kupungua barabara kuu. Gari la kawaida linaumizwa na foleni. Haibridi inakula mafuta machache mjini kuliko barabara kuu. Anayetembea kilomita 1,000 za mjini kwa mwezi, kwa vipimo hivyo, anaokoa kama lita 34 na kilo 78 za hewa ukaa. Hakuna taa ya ECO itakayokufikisha hapo.

Hofu ya watu ni betri kubwa, na hofu hiyo ina msingi kwa magari ya miaka mingi. Kabla ya kulipa, mwombe fundi mwenye mashine ya kupima asome volti za kila sehemu ya betri gari likiwa linatembea. Sehemu moja ikizidi kuanguka kuliko nyingine, betri imechoka. Ukishalinunua, chunga njia ya hewa ya betri iliyo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi letu huiziba, betri inapata joto, na joto ndilo linaloiua. Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Mizigo na mikoba ya shule iliyorundikwa juu ya tundu lile huleta madhara yale yale.

Taa za barabarani zinazoongea na gari

Huko Ulaya na Marekani kuna magari yanayopokea taarifa kutoka kwenye taa za barabarani na kumwambia dereva ashike mwendo gani ili aikute kijani. Audi walianzia Las Vegas mwaka 2016 na huduma ya kumwonyesha dereva sekunde zilizobaki kabla taa haijawa kijani. Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha MIT walitoa makadirio baada ya kuiga makutano zaidi ya 6,000 ya Atlanta, San Francisco na Los Angeles: magari yote yakiendeshwa kwa namna hii, hewa ukaa ya makutano ingepungua kwa asilimia 11 hadi 22 bila kuchelewesha mtu. Na asilimia 10 tu ya magari ingetosha kuleta robo hadi nusu ya faida hiyo, kwa sababu magari ya nyuma hufuata mwendo wa lile la mbele.

Kwa mnunuzi wa Dar leo, hili siyo chaguo. Saa za msongamano makutano yetu makubwa yako mikononi mwa askari, na hakuna kompyuta inayoweza kubashiri mkono wake utashuka lini. Usilipie gari zaidi kwa ajili ya uwezo huu. Lakini kwa jiji ni jambo la kudai. Kupanga upya muda wa taa hakuhitaji gari lolote libadilishwe. Google kupitia mradi wao wa Green Light wanatumia taarifa za ramani kuishauri miji kama Jakarta, Rio de Janeiro na Hamburg irekebishe sekunde za taa zake. Sekunde chache zikihamishwa kwenye makutano mamoja, maelfu ya magari huacha kusimama kwa siku.

Na gesi?

Wengi wameshafunga gesi asilia (CNG), hasa teksi za mtandaoni na bajaji, na kwa fedha mfukoni hawajakosea: kilo moja ya gesi hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli kwa bei ndogo zaidi. Hewa ukaa hupungua kwa kama robo kwa kazi ile ile. Ila gesi haikuondolei kusimama. Injini inaendelea kuunguza foleni nzima, kwa mafuta ya bei nafuu. Mtungi unaongeza uzito na kula buti. Na kiungio kikivuja, methani inayotoka ina nguvu ya kuongeza joto la dunia takriban mara 80 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 20, kwa hiyo uvujaji mdogo unaweza kufuta faida yote. Nenda kwa fundi aliyeidhinishwa, na urudi kukaguliwa.

Moshi usioonekana kwenye hesabu ya mafuta

Hadi hapa nimehesabu lita na hewa ukaa. Mama anayekaanga chapati kituoni Buguruni anavuta kitu kingine: kaboni monoksaidi, oksidi za naitrojeni, masizi. Gari likikanyagwa ghafla, kompyuta yake humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuunguza, na sumu hizo, hasa kaboni monoksaidi, hupanda kwa kiwango kikubwa kuliko mafuta yenyewe yalivyopanda. Kuondoka kwa utulivu kunamsaidia yule mama zaidi ya kinavyoonyesha kipimo chako cha kilomita kwa lita.

Na kuna jambo linalonikera sana. Tumezoea kung'oa masega kwenye ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, wengine wakiambiwa gari litakuwa jepesi, wengine masega yakiuzwa kwa siri kwa ajili ya madini yaliyomo. Masega yenye afya, yakishapata moto, husafisha sehemu kubwa mno ya zile sumu. Gari lisilo na masega likiendeshwa na dereva bora kuliko wote mjini, taa ya kijani ikiwaka mwanzo hadi mwisho, bado linaweza kutoa sumu nyingi kuliko gari lenye masega mazima la dereva mwenye pupa. Unaponunua gari lililokwishatumika hapa nchini, inama utazame chini kabla hujauliza habari ya redio.

Ningechagua nini

Kama gari unalo na huna mpango wa kulibadilisha, anza na kipimo cha papo hapo, upepo wa matairi, na kuzima ufunguo pale unapojua mtasimama zaidi ya dakika moja, gari likiwa halisogei kabisa. Usizime kwenye mteremko au foleni inayotambaa. Breki na usukani huwa vizito. Ukisafiri kilomita nyingi kila siku na kituo cha gesi kiko njiani kwako, funga gesi na uendelee kutunza mguu.

Kama unanunua na kilomita zako nyingi ni za foleni, nunua haibridi iliyopimwa betri, hata ikibidi iwe ya mwaka wa nyuma kidogo kuliko gari la kawaida la bei hiyo. Kwa anayeishi Dar na kuwasha AC, gari lenye mfumo wa kujizima pekee nisingelilipia nyongeza yoyote. Kwa wa Nairobi, Arusha au Mbeya, ningelipia kidogo. Anayesafiri mikoani wiki nzima na kuingia mjini Jumamosi tu asibebe gharama ya betri kubwa; gari dogo la kawaida lenye matairi mazuri linamtosha.

Mwenye magari ya kampuni yuko kwenye nafasi nzuri kuliko sisi sote, na mara nyingi haijui. Vifaa vya GPS alivyofunga kuzuia wizi vinarekodi tayari breki za ghafla na dakika za kusimama injini ikiwaka. Aombe ripoti hiyo kila wiki, ampe kila dereva namba zake mwenyewe, na sehemu ya mafuta yaliyookolewa iingie kwenye mshahara wake. Bila hiyo sehemu ya mwisho, ripoti itabaki kwenye barua pepe ya meneja.

Chochote utakachochagua, pima mwenyewe: jaza tenki hadi bomba lijikate, andika kilomita, endesha njia yako ya kawaida, jaza tena kituo kile kile hadi lijikate, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kwa matenki matatu au manne kabla ya kubadilisha kitu na matatu au manne baada, kwa sababu tenki moja hudanganywa na mvua, mfungo au likizo ya shule.